Ulimi Kuwa Hakimu

Mnamo mwaka 1556, wakuu wa mji wa Stratford-upon-Avon, huko Uingereza, walimteua mtengenezaji wa glavu mmoja, jina lake John Shakespeare, awe mwonjaji wa pombe wa mji. Kazi yake ilikuwa kupita pale palipopikwa pombe na kuokwa mikate, aonje, apime, kisha aseme kama kilichokuwa kikiuzwa kilistahili bei yake. Miaka minane baadaye bwana huyo alipata mtoto wa kiume, William, ambaye dunia nzima inamjua, na ni kwa ajili ya mtoto ndipo tunalikumbuka jina la baba. Lakini leo nataka tumzungumze baba. Maana cheo kile alichopewa kina jambo ambalo limeishughulisha akili yangu kwa muda mrefu. Mji mzima ulikubali kwamba ulimi wa jirani yao mmoja uwe hakimu.

Natambua kwamba wengi wa wasomaji wangu hawatumii kileo, baadhi kwa amri ya dini na baadhi kwa hiari yao, na sikukusudia kumshawishi mtu aache msimamo wake. Naizungumzia bia kama mtu anavyoweza kuzungumzia kahawa, au mchele, au embe: yaani kitu ambacho ubora wake haujulikani kwa kutazamwa wala kwa kusifiwa, mpaka atokee mtu akitie kinywani na kutoa kauli. Nani basi mwenye haki ya kuitoa kauli hiyo? Mtawala? Mwenye chombo cha kupimia? Mwenye kiwanda? Au mnywaji mwenyewe? Historia ya bia chungu ya Waingereza, ile waiitayo bita, ni historia ya swali hilo, na kila zama zilikuja na jibu lake.

Kwanza tuifahamu bia yenyewe. Bita hutengenezwa kwa vitu vinne: maji, kimea cha shayiri, hamira, na maua ya mmea utambaao uitwao hopsi. Shayiri huloweshwa mpaka ichipue, kisha hukaushwa kwa moto; hicho ndicho kimea, na wapishi wa pombe wa kwetu hufanya vivyo hivyo kwa ulezi na mtama. Kimea husagwa kikachanganywa na maji ya moto, na yale maji matamu yanayopatikana, ambayo mtu wa Tanzania angeyafananisha na togwa, huchemshwa pamoja na hopsi kwa saa moja au zaidi. Yakipoa hutiwa hamira. Bia ya namna hii, ambayo hamira yake hufanya kazi katika joto la wastani, huitwa eli. Hapo ndipo inapotofautiana na laga, bia yenye asili ya Ujerumani na Bohemia, ambayo huumuka katika ubaridi na kupumzishwa katika ubaridi kwa majuma mengi. Bia zinazojulikana zaidi Afrika Mashariki, kama Tusker, Safari na Kilimanjaro, zote ni za jamii ya laga.

Uchungu wa bita watoka katika hopsi. Maua yale yana asidi ambazo, zikichemshwa, hubadilika umbo na kuyeyuka ndani ya maji, na ndizo zinazoushika ulimi. Kazi ya uchungu huo ni kuuzuia utamu wa kimea usichoshe, na pia kuwazuia baadhi ya vijidudu vinavyoiharibu bia. Wazo hili si la Waingereza peke yao. Wachaga, wapikapo mbege kwa ndizi na ulezi, hutia gamba la mti wa msesewe kwa ajili ya uchungu, nao hawahitaji kufundishwa na mtu kwamba tamu bila chungu ni kinywaji cha watoto.

Na hapa lugha yetu inatusaidia. Kiswahili hutenga vizuri kati ya kitu kichungu, kitu kikali na kitu kichachu. Kwinini ni chungu, pilipili ni kali, maziwa yaliyolala ni machachu. Anayetaka kuihukumu bita aanze na tofauti hiyo. Bita njema ni chungu. Bita iliyoharibika ni chachu. Asiyezitenga sifa hizo mbili ataisifu iliyooza na kuilaumu iliyo nzima.

Sasa turudi kwenye historia. Pombe ya Uingereza ya zamani haikuwa na hopsi. Ilikuwa kimea, maji na hamira, labda na majani ya porini, tena ilikuwa nzito na tamu na haikukaa siku nyingi. Wapishi wake wakubwa walikuwa wanawake, waliopika nyumbani kwao na kuuza kile kilichozidi mahitaji ya jamaa. Kwa kuwa pombe hiyo ilikuwa sehemu ya chakula cha kila siku, sawa na mkate, bei na kipimo chake vilikuwa jambo la dola. Mkataba maarufu wa Magna Carta wa mwaka 1215, tunaousoma kama msingi wa haki za raia, una kifungu kinachotaka kiwepo kipimo kimoja cha pombe katika ufalme wote. Kisha, katika enzi ya mfalme Henry wa Tatu, ikaja sheria ya mkate na pombe, ambayo kwa desturi huhesabiwa kuwa ya mwaka 1266. Sheria hiyo iliifunga bei ya pombe na bei ya nafaka: nafaka ikiuzwa kiasi fulani, pombe mjini iuzwe galoni mbili kwa peni moja, na nje ya mji galoni tatu au nne.

Sheria yaweza kupanga bei, lakini haiwezi kuonja. Ndiyo sababu wakateuliwa waonjaji. Mwanamke akishapika, alipaswa kumwita mwonjaji kabla ya kuuza, na mbele ya nyumba alisimamisha mti wenye kichaka cha majani ili wapita njia wajue kwamba pombe ipo. Mwonjaji akiikuta hafifu kuliko bei yake, au akikuta kipimo kimepunjwa, mwenyewe hupelekwa barazani akatozwa faini. Yasimuliwa pia kwamba waonjaji walivaa suruali za ngozi, wakamwaga pombe kwenye benchi na kuikalia, ili waone kama suruali itanata. Hadithi hii inachekesha na inapendwa sana na waandishi wa vitabu vya watalii, ila haina ushahidi. Mwonjaji alitumia kinywa chake.

Sitaki tuzipambe enzi hizo. Kumbukumbu za mabaraza zinaonyesha kwamba mahali pengi faini zilitozwa kwa ukawaida mno, hata zikafanana na kodi ya leseni, na wanawake waliozilipa walikuwa wanyonge wasio na sauti mbele ya wakubwa wa mji. Hata hivyo yalikuwapo mambo mawili mazuri. La kwanza, hakimu alikuwa jirani, mtu anayekunywa kile kile wanachokunywa wenzake. La pili, hukumu yake ilisemwa hadharani, na aliyeonewa aliweza kuwauliza wengine walioonja.

Hopsi zilikuja kutoka ng'ambo. Wafanyabiashara na wapishi wa Uholanzi na Flanders ndio walioleta bia yenye maua haya, na katika karne ya 15 wengi wao walikuwa wakipika London. Wenyeji hawakuipokea kwa furaha. Pombe ya kwao waliiita eli, na ile ya wageni wakaiita bia, na majina hayo mawili yakawa kama bendera mbili. Uvumi ulienezwa kwamba bia inadhuru afya, mpaka mwaka 1436 serikali ya mfalme Henry wa Sita ikalazimika kuwaamuru wakuu wa London wawalinde wapishi wale wa kigeni na kuitangaza bia yao kuwa njema. Karne iliyofuata hopsi zilikuwa zikilimwa Kent, kusini-mashariki mwa nchi, na baada ya muda hata eli ikatiwa hopsi. Kwa hiyo uchungu ule ambao Mwingereza wa leo huuita ladha ya nyumbani, ladha ya baba na babu, ulikuja mikononi mwa wahamiaji waliotukanwa barabarani. Mara nyingi nimewasikia watu wakihukumu chakula au lugha kwa kusema hiki ni chetu na kile si chetu. Bita yatufundisha tusiwe na haraka. Kitu cha mgeni kikikaa vizazi vya kutosha, wajukuu hukitolea machozi.

Katika karne ya 18 aliingia hakimu wa pili, naye hakuwa na ulimi. Ni chombo cha kioo au shaba kinachoelea katika maji, kiitwacho haidromita. Kikielea juu zaidi, maji yana sukari nyingi. Kikizama, sukari ni kidogo. Mwaka 1784 John Richardson alitoa kitabu cha kuwafundisha wapishi wa bia namna ya kukitumia. Chombo hiki kiligundua jambo ambalo ndimi za waonjaji hazikuligundua kwa miaka mia tano: kwamba kimea cheupe, kilichokaushwa kwa moto wa taratibu, kinatoa sukari nyingi zaidi kuliko kimea cheusi, hivyo kwa hesabu ni rahisi ingawa sokoni ni ghali. Viwanda vikubwa vikaanza kufikiri kwa tarakimu. Serikali nayo ikafuata. Mwaka 1880 William Gladstone alifuta kodi ya kimea, akaweka mahali pake kodi inayohesabiwa kwa sukari iliyomo katika yale maji matamu kabla hayajaumuka. Tangu hapo, mbele ya dola, bia ilikuwa tarakimu.

Sisemi kwamba tarakimu ni adui. Mwaka 1871 mwanasayansi Louis Pasteur wa Ufaransa alitembelea kiwanda cha Whitbread jijini London. Akaomba hamira yao, akaitazama kwa hadubini, akawaonyesha vijidudu vilivyokuwa vikiiharibu bia. Mwenyewe aliandika kwamba aliporudi kabla ya wiki moja kuisha, aliwakuta wamekwisha nunua hadubini yao. Ulimi ulikuwa umewaambia kwamba bia imeharibika. Hadubini ikawaambia kwa nini. Huo ndio ushirikiano ninaoupenda: chombo humsaidia mwonjaji, hakimfukuzi.

Mahali palipoitukuza bita kuliko pengine pote ni mji wa Burton upon Trent, katikati ya Uingereza. Visima vya mji huo vina jasi nyingi, na maji yenye jasi huufanya uchungu wa hopsi uwe safi na mkavu, usiokwama kooni. Kuanzia miaka ya 1820 wapishi wa Burton walipeleka India eli nyeupe yenye hopsi nyingi; na reli ilipofika mjini mwaka 1839, bia ile ikafika London na kila mji kwa bei nafuu. Wanywaji walipoiona karibu na eli laini na tamu waliyoizoea, wakaanza kuiagiza kwa sifa yake: nipe ile chungu. Hivyo jina la bita halikutungwa na kiwanda. Lilitungwa na wanywaji wenyewe, wakisimama mbele ya kaunta, na kwangu mimi hiyo tayari ni hukumu.

Lakini utajiri ulileta hakimu wa tatu, yaani nembo. Tarehe 1 Januari 1876 pembetatu nyekundu ya kampuni ya Bass ya Burton iliandikishwa kuwa alama ya kwanza ya biashara chini ya sheria mpya ya Uingereza. Mchoraji Édouard Manet aliichora chupa yenye pembetatu hiyo katika picha yake mashuhuri ya baa ya Folies-Bergère, Paris, mwaka 1882. Nembo ina faida yake, kwani humlinda mnunuzi na bidhaa bandia. Lakini ina hatari pia: mtu huanza kunywa kwa macho. Akiiona alama aijuayo, ulimi hulala.

Ulimi wa Mwingereza ulilala kweli kweli katika karne ya 20. Vita Kuu ya Kwanza iliilazimisha nchi kubana nafaka, na bia ikapunguzwa nguvu kwa kiasi ambacho haikukirudia tena. Baada ya Vita ya Pili viwanda vidogo vilinunuliwa na vikubwa, mpaka miaka ya 1960 kampuni sita zikawa zimeishika sehemu kubwa ya bia na baa za nchi. Kwa kampuni hizo bita ya kienyeji ilikuwa adha. Bita hiyo huenda baa ikiwa hai, hamira ingali ndani ya pipa. Humalizia kuumuka katika chumba cha chini ya baa. Hutulizwa kwa gundi inayotokana na kibofu cha samaki, ambayo huzishusha hamira chini ili bia ing'ae. Kisha huvutwa juu kwa pampu ya mkono. Pipa likishafunguliwa linataka liuzwe kwa siku tatu hivi. Mwenye baa mvivu au mchafu aweza kuiharibu kazi ya mpishi kwa usiku mmoja. Basi kampuni zikaleta bia iliyochujwa, ikapashwa moto kuua hamira, ikapozwa sana, na kusukumwa kwa gesi. Haikuharibika, haikubadilika, na haikuwa na la kusema. Mojawapo ya zilizotangazwa sana iliitwa Watney's Red Barrel. Wahenga wetu walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na bia ile ilitembezwa kwenye televisheni, kwenye mabango na kwenye kuta za baa.

Tuwe waadilifu. Wako wanywaji wengi walioipokea bia mpya kwa furaha, kwa kuwa walikuwa wamechoshwa na bita chachu za wenye baa wazembe. Kosa la kampuni halikuwa kuleta bia ya namna nyingine. Lilikuwa kuiondoa ile ya kwanza, hata mtu aliyetaka kulinganisha akakosa cha kulinganishia. Mwonjaji asiye na bilauri ya pili hawezi kuhukumu, anameza tu.

Mwaka 1971 vijana wanne wa Kiingereza, Michael Hardman, Graham Lees, Jim Makin na Bill Mellor, wakiwa matembezini Kerry, magharibi mwa Ireland, waliamua kuanzisha chama cha kuitetea bia ya mapipa. Hawakuwa na fedha wala cheo. Chama hicho, CAMRA, leo kina wanachama zaidi ya laki moja. Mwaka 1974 kilitoa kitabu chake cha kuelekeza wanywaji kwenye baa zenye bia nzuri. Toleo la kwanza lilimshauri msomaji aikimbie bia ya Watney kama mtu akimbiavyo tauni, wachapaji wakaingiwa na hofu ya mashtaka, na maneno yakapunguzwa makali kabla kitabu hakijauzwa. Wengine husimulia kisa hiki kwa kicheko. Mimi naona ndani yake jambo zito: kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, watu wa kawaida walikuwa wametoa hukumu kwa maandishi kuhusu kile wanachouziwa, na wenye nguvu wakaiogopa. Mwaka 1977 chama kikafanya tamasha kubwa la bia katika jumba la Alexandra Palace, London, na mwaka uliofuata kikaanzisha shindano la kumtafuta bingwa wa bia wa Uingereza. Bita iitwayo Landlord, ya kiwanda cha Timothy Taylor cha Keighley, Yorkshire, imeutwaa ubingwa huo mara nne.

Je, hukumu yenyewe hufanywaje? Jambo la kwanza ni kuficha majina. Waamuzi huletewa bilauri bila kuambiwa ni bia ya nani, ili nembo isiwasemeshe. Viwandani hutumika pia jaribio la bilauri tatu, lililoandaliwa na wataalamu wa kiwanda cha Carlsberg, Copenhagen, katika miaka ya 1940: mwonjaji hupewa bilauri tatu, mbili zina bia moja na ya tatu ina nyingine, naye atambue iliyo peke yake. Jaribio hili ni dawa ya majivuno. Wengi wanaojiita mabingwa wa ladha hunyamaza wakishaonyeshwa majibu.

Jambo la pili ni joto la bia. Watu husema Mwingereza anakunywa bia ya moto. Katika baa zetu mhudumu huuliza, baridi au ya moto, na ya moto maana yake ni ile isiyotiwa kwenye friji. Bita si hiyo wala hiyo. Hutolewa kwenye nyuzi 11 hadi 14 hivi za Selsiasi, ubaridi wa chumba cha chini ya ardhi au wa maji ya mtungi penye upepo. Ikiwa baridi zaidi, harufu hufungwa na ulimi hufa ganzi. Ikiwa ya moto zaidi, huwa nzito na kuchosha.

Kisha mwamuzi hutazama. Bita huwa na rangi kati ya asali na shaba, nayo yatakiwa ing'ae. Juu huwa na povu, lakini hapa Waingereza wenyewe hawapatani: wa kaskazini hupenda povu zito kama krimu, na huifunga mdomo wa pampu kitundu maalumu cha kulifanya, wa kusini husema povu hilo linauiba uchungu wa bia na kupunja kipimo. Mwamuzi mwenye akili hamhukumu mtu wa Leeds kwa desturi za London. Baada ya kutazama hunusa, na harufu nzuri ni ya kimea kama biskuti au mkate uliobabuka, matunda kidogo kutokana na hamira, na hopsi zenye harufu ya majani, udongo na maganda ya machungwa. Kisha huonja na kumeza. Bia haitemwi kama waonjaji wa mvinyo watemavyo, kwa sababu sehemu kubwa ya uchungu hujulikana baada ya kumeza. Zamani vitabu vilifundisha kwamba uchungu huonjwa nyuma ya ulimi tu. Sayansi imekwisha onyesha kwamba ramani ile ya ulimi haikuwa sahihi, na kila ladha huonjwa sehemu zote zenye vionjio. Lakini uchungu huchelewa kuja na huchelewa kuondoka, ndiyo sababu alama za mwisho hutolewa kwa kile kinachobaki kinywani.

Mwamuzi lazima pia ayajue majina ya maradhi. Harufu ya siki ni hewa na bakteria walioingia pipani. Harufu ya siagi nyingi ni hamira ambayo haikumaliza kazi yake. Ladha ya karatasi nzito iliyolowa ni uzee. Mwaka 1979 mtaalamu Morten Meilgaard na wenzake walichapisha duara lenye majina ya ladha za bia, zaidi ya mia moja, ili mtu wa nchi moja aelewane na wa nchi nyingine. Kitu kisicho na jina ni vigumu kukilalamikia.

Niliwahi kuketi na mzee mmoja wa Yorkshire, mstaafu, ambaye hakuwa amesoma duara lolote. Nilimwuliza anajuaje kwamba bita ni nzuri. Akaikamata bilauri yake, akainyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akanywa, akakaa kimya kwa muda. "Kijana," akaniambia, "ya kwanza haisemi kitu. Mtu mwenye kiu husifu chochote. Ngoja umalize, halafu ujiulize kama unataka ya pili." Nimesoma mengi tangu siku hiyo, na bado naona kwamba alinipa kipimo kilicho bora. Bita ya kawaida ina kileo cha asilimia 3.5 hadi 4 hivi. Haikutengenezwa ili ishangaze mara moja, bali isindikize mazungumzo ya jioni nzima bila kumchosha wala kumwangusha mnywaji. Ubora wake ni ubora wa jirani mwema: hujitambulisha kwa kukaa naye. Hukumu ya namna hiyo haiwezi kutolewa na haidromita, wala na nembo, wala na mwamuzi aliyepewa vijiko viwili katika shindano.

Vita haijaisha. Kiwanda cha Fuller's cha Chiswick, London, ambacho bita yake kali ilikuwa miongoni mwa mabingwa wa mwaka ule wa kwanza, 1978, kiliuzwa kwa kampuni ya Asahi ya Japani mwaka 2019. Huko Burton, mwaka 2024, kampuni ya Carlsberg Marston's ilistaafisha mitambo ya mwisho ya aina ya pekee ya mji ule, safu za mapipa yaliyounganishwa kwa mabomba ambamo bita iliumuka kwa njia iliyoanza katika karne ya 19. Seti moja iliokolewa na kiwanda cha Thornbridge cha Bakewell, jirani katika Derbyshire, nacho kinapikia humo. Vijana wengi wa Kiingereza leo huchagua laga baridi au bia zenye hopsi za Marekani zinazonukia maembe, na hawana kosa. Kila mtu na ulimi wake. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Lakini pipa la galoni tisa lataka wanywaji sabini na wawili wa painti moja moja ndani ya siku tatu. Wakipungua, bia huchacha pipani. Ikichacha, wachache waliobaki huondoka. Na mwisho husemwa kwamba bita imekufa kwa sababu haikuwa nzuri. Huo utakuwa uongo. Itakuwa imekufa kwa kukosa watu wa kuionja wakati ingali nzima.

Nikizipima zama zote hizo naona kila hakimu alileta kitu. Sheria ilileta kipimo cha haki, chombo kikaleta ukweli usio na upendeleo, nembo ikaleta jina la kuwajibika. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyeweza kuchukua nafasi ya mtu mmoja aliyeketi na kuonja kwa makini, akasema anachokiona, akakubali kupingwa na aliyeketi karibu yake. Katika baa za Uingereza ipo desturi ambayo haikuandikwa katika sheria yoyote ninayoijua. Mnywaji akikuta bita yake imechacha, hurudi nayo kaunta kwa adabu na kusema, hii si nzima. Mwenye baa anayejiheshimu hainui sauti wala haulizi wewe ni nani. Huichukua bilauri, hunusa, huonja mwenyewe, humwaga, na kumpa mteja nyingine kutoka pipa jingine.